Kulisaka neno "hundi" vitabuni

Ukisoma habari za misafara ya Bagamoyo ya karne ya 19, huwezi kuelewa mikopo ya wafanyabiashara bila hundi: hati ya kumlipa mtu wa mbali pasipo kubeba fedha. Sisi tumelizoea kwa maana ya cheki, ila asili yake ni Kihindi.

Ukilisaka kwenye vitabu vilivyopigwa picha na kuwekwa mtandaoni, usilitafute kwa tahajia moja. Waingereza wa zamani waliandika hoondee, hoondie, hundee. Kamusi ya Hobson-Jobson ya 1886, ya maneno ya Kiingereza cha India, imeliweka chini ya hoondy. Kwa Kidevanagari, yaani herufi za Kihindi, tafuta mara mbili, हुंडी na हुण्डी, maana kompyuta inaweza kuyahesabu kuwa maneno mawili.

Kinachopoteza muda zaidi ni maana. Kusini mwa India hundi ni pia sanduku la sadaka hekaluni, basi ongeza Bombay au Zanzibar kwenye utafutaji. Halafu fungua picha ya ukurasa wenyewe (hili ni la lazima), kwani mashine husoma vibaya herufi zilizofifia. Nakili sentensi nzima, ukurasa, na mwaka wa chapa ya kwanza, si wa toleo la kurudiwa.