Nilivyonunua vifaa vya kuzamia, kimoja kimoja

Vifaa vyangu vya kuzamia nilivinunua kimoja kimoja kwa mwaka mmoja na nusu, na mtungi wa hewa sijanunua mpaka leo. Kila nilipoingia dukani nilikuwa na swali moja: hiki kikiwa cha kukodi, kitanisumbua? Maski ya kukodi inasumbua, kwa hiyo ilitangulia. Regulata, kifaa kinachokuletea hewa ya mtungi mdomoni, ikiwa ya kukodi lakini imetunzwa haisumbui, ikasubiri. Ile seti kamili wanayokupangia siku unayomaliza kozi niliipita, maana ndani yake havikosi vitu viwili visivyo saizi yako, na punguzo la bei halifidii kiatu kinachochubua.

Maski, basi. Miwani ya kuogelea isiyofunika pua haifai hata kwa majaribio. Ukishuka, hewa iliyo ndani inabanwa, na usipoweza kuiongeza kwa kupuliza puani, miwani itayafyonza macho mpaka mishipa midogo ipasuke. Kwenye maski nilitafuta neno TEMPERED (yaani kioo kilichoimarishwa) kwenye kioo, ukingo wa silikoni laini na si wa plastiki, na nafasi ndogo ndani, kwa kuwa maski yenye nafasi ndogo husafishwa maji kwa pumzi moja.

Kuipima: rudisha nywele zote nyuma, tazama dari, ilaze maski usoni bila kuvuta mkanda. Ukingo uguse ngozi pande zote. Halafu vuta pumzi kidogo kwa pua, uinue kichwa na uangalie chini. Maski inayokufaa hubaki imeshika. Wengi huishia hapo. Mimi niliongeza hatua: nikairudia kila maski nikiwa nimeng'ata mdomo wa snorkeli, lile bomba la kupumulia juu ya maji. Ukiwa na kitu mdomoni, mashavu hubadilika umbo na mikunjo ya pembeni mwa pua huongezeka, na maji hupenyea hapo hapo. Kati ya maski sita zilizofaulu jaribio la kwanza, nne zilianguka kwenye hili la pili. Mwenye masharubu ajue kwamba kila unywele chini ya ukingo ni mfereji. Na usijaribu kuziba uvujaji kwa kukaza mkanda, kwani ukikaza sana ukingo hujikunja na kuvuja zaidi.

Maski mpya hutoka kiwandani ikiwa na utando mwembamba kwenye kioo, na ukizama nayo hivyo hutaona kitu zaidi ya ukungu. Nilichukua dawa ya meno nyeupe ya kawaida, si ya jeli, nikapaka upande wa ndani na kusugua kwa kidole kikavu dakika tatu nne, nikasuuza, nikarudia mara tatu. Kujua kama umemaliza, puliza pumzi ya joto kwenye kioo. Ukungu ukikaa kwa mabaka, pale penye mabaka bado pana utando. Kama kioo kina rangi au kimepakwa kitu kingine kwa ndani, soma maelekezo kwanza.

Mapezi hayakunichukua muda. Viatu vya neopreni (mpira laini wenye vipovu ndani) vya milimita 5 vilitangulia, kisha mapezi ya kisigino wazi yakapimwa nikiwa nimevivaa viatu hivyo hivyo. Kujaribu pezi kwa soksi ni kupoteza wakati. Vidole visigote mbele, na mguu usicheze ukilitikisa pezi. Nilikwepa mapezi marefu magumu kwa sababu misuli ya mgeni haijayazoea, na kukakamaa kwa misuli ya mguu chini ya maji ni adha. Mkanda wa springi unazidi bei ule wa mpira wenye bizimu, ila ndio niliouchukua: mpira hukatika, na hukatika ukiwa umeshavaa kila kitu.

Wetisuti, lile vazi la neopreni la kubana mwili, hukutunzia joto kwa vipovu vya gesi vilivyo ndani ya neopreni, na maji kidogo yaliyonaswa kati yake na ngozi hupata joto la mwili. Maji huondoa joto la mwili kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa, hivyo suti inayopitisha maji mapya kila ukijigeuza haina faida hata ikiwa nene. Nilichunguza sehemu nne: shingoni, makwapani, kwenye mgongo wa chini na kwenye msamba. Pale mgongoni ndipo wengi hudanganyika. Ukisimama wima suti inaonekana imekaa, ukichuchumaa unaona mfuko wa hewa. Hapo ndipo maji baridi yatakapozunguka. Kwa unene, milimita 3 zinanitosha kwenye maji ya nyuzi 27 na zaidi, milimita 5 kwenye nyuzi ishirini na kitu, na chini ya 20 ni milimita 7 pamoja na kofia. Suti mpya iwe ya kubana kiasi cha kukutoa jasho unapoivaa, maana neopreni hulegea kidogo.

Kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, niliinunua kabla ya regulata, na wauzaji wawili walinishangaa. Sababu ni kwamba kompyuta haiazimwi wala haigawanywi. Inahesabu nitrojeni iliyoingia mwilini mwa aliyeivaa, kwa vina vyake na dakika zake, na hesabu hiyo inaendelea hadi mzamo wa pili wa siku ile. Ukikodi nyingine mchana, haijui asubuhi ulikuwa wapi. Nilitaka tarakimu kubwa, betri ninayoweza kubadilisha mwenyewe, na uwezo wa naitroksi (hewa iliyoongezwa oksijeni) hadi oksijeni asilimia 40. Kuunganishwa na mtungi bila waya niliacha, geji ya kawaida inatosha.

Kwenye regulata nilikaa muda mrefu kuliko kote. Kazi yake ni hii: hatua ya kwanza inapokea hewa ya bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) kutoka mtungini na kuishusha hadi karibu bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yanayokuzunguka, kisha hatua ya pili, ile ya mdomoni, inakupa hewa unapoivuta tu. Regulata isiyosawazishwa huanza kuwa nzito kuvuta mtungi ukikaribia kuisha, ndipo nikachukua iliyosawazishwa. Zenye alama ya >10°C si za maji ya baridi zaidi ya hapo. Zinaweza kuganda na kumwaga hewa ovyo.

Kuhusu kiungio cha regulata na mtungi, kuna aina mbili: klampu hufungwa juu ya vali na kikomo chake ni bar 232, ilhali DIN huskrubiwa ndani na o-ringi yake, pete ya mpira ya kuzuia uvujaji, imefichwa isichomoke. Nilichagua DIN na kununua adapta ya klampu, kwa kuwa kinyume chake hakiwezekani kirahisi.

Lakini swali la kwanza nililomuuliza muuzaji halikuhusu hayo. Niliuliza: fundi gani ataifungua, na vipuri vyake vinapatikana wapi? Watengenezaji wengi wanataka regulata ifanyiwe sevisi kila mwaka au kila mizamo 100, na regulata nzuri isiyo na vipuri karibu ni pambo la ukutani.

Niliangalia na za mitumba. Kwanza tazama chujio dogo kwenye tundu la hatua ya kwanza: ukijani maana yake maji yaliingia, wekundu ni kutu ya mtungi wa chuma, weusi ni masizi ya kompresa, mashine ya kujazia mitungi. Halafu kunja kila mpira karibu na kiungio utafute nyufa. Kisha kaza kifuniko cha vumbi na uvute hewa mdomoni bila mtungi, usipate kitu. Ukipata hewa, kiwambo au vali ya kutolea pumzi inavuja. Mwisho ifunge kwenye mtungi, vuta kwa nguvu huku ukitazama geji. Mshale ukicheza kwa kila pumzi, chujio limeziba au vali ya mtungi haijafunguliwa yote. Tatu nilizozikagua zote zilifeli mahali fulani, nikanunua mpya.

BCD, jaketi linalojazwa na kutolewa hewa ili uelee au ushuke, niliipima nikiwa na wetisuti mwilini. Niliijaza mpaka vali ya usalama ikaachia. Ikinibana kifua nikashindwa kuvuta pumzi ndefu, ni ndogo. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa. Kisha niliiacha imejaa nusu saa dukani. Iliyolegea bila kuguswa niliirudisha.

Ikabaki risasi, na simaanishi za bunduki, bali vipande vizito vya madini hayo vya kukusaidia kuzama. Kanuni ya asilimia 10 ya uzito wa mwili ni makisio tu ya kuanzia. Kipimo chenyewe kinafanyika majini: umevaa kila kitu, BCD tupu, umeshikilia pumzi ya kawaida, maji yakufike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame polepole. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una lita 2,400 za hewa, karibu kilo 3, na ukirudi na bar 50 umepoteza zaidi ya kilo 2. Kwa hiyo ukijipima na mtungi uliojaa, ongeza kilo 2, la sivyo mwishoni utashindwa kukaa kwenye mita 5 zile dakika 3 za kusimama kwa usalama unapopanda juu. Nilianza na kilo 8 za kukopa, nikashusha moja moja. Niliponunua zangu, nilinunua 6.