Lita sita zilizokuwa zikipotea Pongwe

"Mwanangu, nimeleta lita sita, mbona simu inaonyesha sifuri?" Mama mmoja mfugaji alinikabili hivyo pale kituo cha kukusanyia maziwa, Pongwe, Tanga, hata sijamaliza kumpa shikamoo. Programu inayosoma mizani na kutuma vipimo kwa MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe kupitia seva, niliiandika mimi, kwa lugha ya Python na maktaba yake ya Paho. Jibu lilikuwa juu yangu.

Nyumbani Ngamiani nilikuwa nimeijaribu na haikupotea hata lita moja. Kosa lilikuwa kwenye publish, amri ya kutuma ujumbe. Ikirudisha 0, nilidhani ujumbe umefika. Kumbe 0 inasema tu umepokelewa ndani ya programu; kuutoa nje ni kazi ya uzi mwingine (thread), sehemu ya programu inayoendelea na kazi yake nyuma, na programu ikifungwa, uzi huo nao hufa. Yangu ilikuwa inapima, inatuma, inajifunga. Mtandao wa nyumbani ulikuwa na kasi, ujumbe ukawahi. Wa Pongwe husuasua asubuhi.

Ni sawa na mzigo stendi ya Kange: kuuacha kaunta si kuupakia kwenye basi.

Nikahamia QoS 1, kiwango cha utumaji ambako seva hujibu kila ujumbe kwa PUBACK, yaani risiti ya kuupokea, kisha nikaita wait_for_publish, amri ya kuisubiri risiti hiyo, kwa sekunde 10. Hapo nikanaswa tena, siku mbili nzima: muda ukiisha, amri hiyo hurudi kimya bila kulalamika. Lazima uulize is_published, kama ujumbe umetumwa kweli. Ikikataa, kipimo kinabaki kwenye faili hadi kitumwe upya. Na usisubiri ndani ya on_message, sehemu inayoitwa kila ujumbe unapoingia. Anayeleta jibu ni uzi uleule uliouzuia, kwa hiyo programu inaganda.

QoS 1 inaweza kufikisha ujumbe mara mbili, na lita 6 kuwa 12 ni dhuluma kwa upande wa pili. Kila kipimo nikakipa namba, hifadhidata inakataa iliyokwisha kuiona. Tena PUBACK inatoka kwa seva ya ujumbe, haijui kama hifadhidata imeandika. Kwa hiyo hifadhidata yenyewe ndiyo inayotuma uthibitisho wa mwisho, na mfugaji hapati SMS kabla yake.

Nilichomoa modemu katikati ya upimaji, nikairudisha baada ya dakika ishirini. Vipimo vyote vilifika, kila kimoja mara moja. Kesho yake mama alisimama kando ya mizani, simu mkononi, hadi ikalia. Akanisomea: lita saba.