Changanya hayo maswali, usisolvu topiki kwa topiki

UE, mitihani ya chuo, zishakaribia, na asubuhi ukipanda daladala ya Tunguu kila mtu kashika pasti pepa, wengine na solusheni pembeni wanazisoma kama gazeti. Mie sina neno na pasti pepa, nazipenda sana, ila jamani hisabati haisomwi hivo. Solusheni ikiwa mbele yako kila mstari unauona sawa, ah kumbe hapa kaweka u, ah hapa kagawa kwa mbili, halafu ukifunika karatasi hujui hata uanzie wapi.

Hilo la kufunika majibu tushaambiwa tokea skuli, silirefushi. Langu hasa ni huu mtindo wa topiki kwa topiki. Watu wanakesha na integresheni kwa sehemu (integration by parts), njia moja tu ya kuintegreti, maswali yote namna moja, kuanzia la tatu mkono unaandika wenyewe, wanalala wamefurahi. Sasa kwenye mtihani nani atakwambia swali hili njia yake ipi? Na kuijua njia ndo nusu ya swali, kama si zaidi.

Chukua hizi mbili, ndo ninazowapa wenzangu kwenye diskasheni: integreti x e^x, halafu integreti x e^(x²). Kwa macho utasema mtu na mdogo wake. Ya kwanza unaenda kwa sehemu, u = x, unapata x e^x − e^x + C. Ya pili ukienda hivo hivo utajuta, pale unaweka u = x², du = 2x dx, ile x ya mbele inaondoka, inabaki nusu ya e^u, basi ½e^(x²) + C umemaliza. Sasa ifute ile x ya mbele, ibaki e^(x²) peke yake. Shoga yangu mmoja wa Wete nlimpa hiyo makusudi, akakomaa nayo tokea isha mpaka kahawa ikapoa, mana haina jibu la kuandikika kwa fankisheni tulizozizoea, na nadharia ya kuthibitisha mambo hayo aliiweka Mfaransa Joseph Liouville miaka ya 1830. Alininunia, lakini sasa hivi ukimwekea e^(x²) anaitizama kwanza kabla hajagusa kalamu.

Na si maneno yangu tu. Mwaka 2007 Marekani, watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor walitoa utafiti wao, waliwapa wanafunzi wa chuo maswali ya kutafuta ujazo wa maumbo, kundi moja wakayafanya kwa mafungu, umbo moja moja, jingine yamechanganywa. Kwenye mazoezi wa mafungu walipata asilimia 89, wa mchanganyiko 60. Wiki moja baadae kwenye mtihani, wa mafungu 20, wa mchanganyiko 63. Isome tena hiyo. Waliojiona wanajua ndo walioanguka!

Ninavofanya mie: natoa kopi ya pasti pepa (nenda Darajani mapema, karibu na mitihani steshenari za chuoni foleni yake Mungu tu ndo anajua), nakata swali moja moja na mkasi, nyuma naandika mwaka na namba ya swali basi, natia yote kwenye kopo la maziwa ya unga, limiti, matriksi, difarensho ikwesheni, kila kitu. Navuta moja, na kabla sijasolvu naandika njia nitakayotumia na kwa nini. Kwenye daladala nasema njia tu kimoyomoyo navuta jengine. Lililonishinda linarudi koponi siku ile ile, nililolipata linakaa nje siku kadhaa halafu nalo linarudi.

Wiki ya mwanzo utajiona hujui kitu, usiache.

Jumamosi baada ya alasiri tunakaa barazani kwetu, anaetaka aje na kopo lake. Na kalkuleta yake pia tafadhali, mie yangu siazimishi tena.