Kutoa stabilaiza ya nyuma: porini raha, lami je?

Wenzangu wa fobaifo (magari ya 4x4) wananiuliza sana hili swali, nitoe stabilaiza ya nyuma au niache? Leo niliandike niliache hapa.

Stabilaiza ni ile fimbo ya chuma chini ya gari inayounganisha tairi la kushoto na la kulia. Moja likipanda, fimbo inajisokota na kutaka kulivuta la pili nalo lipande. Kwenye lami hiyo ndo inazuia bodi kulala kwenye kona, lakini porini ukiingia mtaro kwa mshazari, tairi moja la nyuma liko juu ya jiwe na mwenzake anatakiwa ashuke shimoni, fimbo inamzuia, anabaki ananing'inia, na kama difu (ile gia inayogawa nguvu kwa matairi mawili) haina loki ya kuyalazimisha yazunguke pamoja basi tairi linazunguka bure hewani na lile lililokanyaga chini halipati nguvu ya kukusogeza.

Ukiitoa, eksel inashuka zaidi, tairi linafika chini. Na mwendo wa pole kwenye mawe unakuwa laini kweli, vichwa haviyumbishwi huku na huku kama mwanzo.

Sasa lami. Kwamba gari litalala zaidi kwenye kona kila mtu anajua. Kinachosahaulika ni kwamba nyuma ikilegea, kazi ya kuzuia ule ulalo inaangukia mbele, tairi la mbele la nje linaelemewa, ukikata usukani gari linataka kunyoosha. Hilo dereva analihisi mapema na akipunguza mwendo linarudi. Ila kutoa ya mbele halafu ukaacha ya nyuma, tafadhali usifanye hivyo ukienda barabarani, pale mkia ndo unachomoka na wengi hawauwahi.

Ninachokiogopa hasa ni kukwepa kitu ghafla ukiwa kasi, na keria juu imejaa mahema na madumu. Gari lililoinuliwa na lenye mzigo juu mimi nasema liachiwe stabilaiza yake. Na usidanganywe kwamba shokapu ngumu zitaziba pengo, shokapu inachelewesha tu gari kulala, kona ikiwa ndefu litalala vile vile.

Kingine, eksel ikishuka kuliko ilivyozoea, angalia hosi ya breki na waya wa ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga). Nyanyua gari, acha eksel ining'inie kabisa, shika hosi kwa mkono, ikiwa imekaza usiondoke hapo mpaka uweke ndefu. Koili (springi) nazo zinaweza kuchomoka kwenye kikalio chake.

Mimi napenda ya kufungua na kufunga. Nissan wenyewe baadhi ya Patrol Y61 walizitoa kiwandani na swichi ya kuachia stabilaiza ya nyuma, na Jeep Wrangler Rubicon inayo ya mbele. Kama huna swichi, fungua linki zote mbili (vile vijiti vinavyoshikilia ncha za fimbo) ukifika kwenye mawe. Hata ukifungua moja tu fimbo inaacha kufanya kazi, ila ule upande ulio huru utagongagonga, kwa hiyo fungua zote, ifunge fimbo juu mbali na hosi na propela (ile shafti inayozungusha eksel), na spana ikae karibu maana kabla ya kurudi lami unazifunga tena.