Nimerudi, na bado viziwi wanafundishwa kwa mgongo

Walimu wenzangu wa elimu maalumu, nimerudi Tanzania baada ya miaka ya kujitolea kufundisha watoto viziwi Rwanda, na kilichonishtua si foleni wala bei ya mchele. Ni mwalimu aliyesimama mbele ya watoto viziwi, dirisha nyuma yake, chaki mkononi, anaandika huku anazungumza na ubao. Kichwani mwangu nyumbani ndiko kulikokuwa mbele: Tabora ina shule ya viziwi tangu 1963, Buguruni tangu 1974, na chuoni Patandi wanafunzwa walimu wa fani hii. Nilijigamba sana kwa Wanyarwanda. Sasa naona aibu kidogo, na hasira zaidi.

Tuanze na dirisha. Mwanga ukiwa nyuma yako, uso na mikono yako hugeuka kivuli, na mtoto kiziwi anasoma vyote viwili. Katika lugha ya alama, swali linakaa kwenye nyusi, kukanusha kunakaa kwenye kichwa. Ukifichika uso, sentensi imekatika nusu. Geuza darasa ili dirisha likuangalie wewe, na watoto walipe dirisha mgongo au ubavu. Madawati yetu ya watu watatu hayazuii nusu duara: matano, kila moja watoto wawili, unapata watoto kumi wanaoonana wote. Kuonana wao kwa wao ni lazima, maana aliyekaa safu ya mbele hajui kama mwenzake wa nyuma ameuliza swali, achilia mbali kuliona jibu. Darasa lina watoto ishirini na tano? Gawa. Kundi moja lifanye kazi ya daftari, jingine lije kwenye nusu duara, kisha wabadilishane. Kusogeza madawati hakuhitaji mradi wala mfadhili, ndiyo maana linaniuma.

Mavazi nayo. Kitenge chenye maua makubwa kinachosha macho ya anayefuata vidole kutwa nzima. Vaa rangi moja inayotofautiana na ngozi yako. Kwa wengi wetu krimu au bluu ya kuiva kidogo inafaa, kahawia haifai. Bangili, pete kubwa na hina inayopanda hadi kiwiko vinavuruga. Najua dada zangu wa Pwani watanuna. Hina ya harusi isubiri likizo.

Kinachoharibu masomo kuliko yote ni kuyapa macho kazi mbili. Mtoto anayesikia hunakili huku akikusikiliza. Kiziwi akiinamia daftari, amekukosa. Kwa hiyo eleza kwa alama za mikono, tuliza mikono, onyesha ubaoni, ngoja wasome, ngoja mpaka macho yote yarudi kwako, ndipo uendelee. Anayekimbizana na silabasi huruka kungoja huko, na mwisho wa muhula watoto wana madaftari masafi yenye mambo ambayo hakuna aliyewaeleza. Kipindi cha dakika 40 kipangie kama nusu ya yale ungeyapangia darasa la kawaida. Mthibiti ubora wa shule akihoji, mkalishe kwenye dawati, aone.

Kuwaita: sakafu ya mbao hupeleka mtetemo miguuni, ya saruji haipeleki, basi kupiga mguu chini kwenye saruji ni kujiumiza kisigino tu. Gonga dawati, punga mkono, washa na kuzima taa, au mguse begani. Kumrushia kipande cha chaki si kumwita. Na umeme ukikatika wakati wa prepo, wanaosikia huendelea na soga gizani. Viziwi mazungumzo yao yamekwisha hapo hapo. Weka taa ya sola moja kwa ajili hiyo, imulike uso wa anayezungumza, isiwapige watazamaji machoni.

Kwa wanaojiandaa kwenda nje: usiende kugawa alama za kwenu. Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alifungua shule Accra mwaka 1957, kisha nyingine nyingi barani, mpaka ajali ya ndege ilipomwua Rwanda mwezi Desemba 1987. Alama za Kimarekani zilisambaa na shule zake, kwa hiyo nchi nyingi utakuta alama unazodhani unazijua. Hapo ndipo mtego ulipo: umbo ni lile lile, maana siyo. Kila jioni andika maneno kama kumi na matano ya somo la kesho, umpelekee kiziwi mtu mzima wa hapo akupe alama zake. Kama shule haina kiziwi mtu mzima hata mmoja, hilo ndilo ombi lako la kwanza kwa mkuu, kabla ya nyumba na neti. Ukirudi nyumbani fanya hivyo hivyo tena, maana vijana hawakukungoja, alama zao zimesonga mbele. (Wakenya wao wamefika mbali: Katiba yao ya 2010 inaitaja lugha yao ya alama kuwa lugha rasmi ya Bunge.)

Mwisho ni kabati la shimesikio, yaani vifaa vya kusaidia kusikia, zimelala kimya. Hesabu ni rahisi. Betri moja hudumu wiki moja hadi mbili. Masikio mawili ni betri 52 hadi 104 kwa mwaka, kwa mtoto mmoja. Mgeni anayeacha pakiti ya betri sita ameacha wiki tatu hadi sita. Betri namba 13 ina karatasi ya rangi ya chungwa, 675 ya bluu, hazibadilishani. Ukibandua karatasi hewa inaingia na betri inaanza kuisha, hata ukiibandika tena, kwa hiyo bandua siku ya kutumia, ngoja dakika moja au zaidi, ndipo uiweke. Shimesikio ikipiga mluzi, mara nyingi kiziba cha sikioni kimekuwa kidogo. Sikio la mtoto linakua, kichongwe kingine. Kiziba kioshwe kwa maji ya sabuni kikiwa kimetenganishwa na kifaa, na mrija upulizwe ukauke. Usimvike mtoto kifaa ambacho hakikurekebishwa kwa vipimo vya masikio yake. Na betri zilizokwisha zihesabiwe: alete ya zamani ndipo apewe mpya, maana watoto wadogo huzitia mdomoni. Akimeza, hospitali saa hiyo hiyo.