Nilivyopata wastani wa mistari inayotimiza masharti tu

Jedwali langu lilikuwa la maombi ya wateja: safu A ina kitengo kilichoshughulikia ombi, B tarehe, C saa zilizotumika. Nilihitaji wastani wa saa za kitengo kimoja ndani ya mwezi mmoja. Kuchuja kwa mkono kunakubali, ila kila data mpya ikiingia unaanza tena, kwa hiyo nilitafuta fomula ya Excel.

Sharti likiwa moja, AVERAGEIF inatosha:

=AVERAGEIF(A2:A500,"Ufundi",C2:C500)

Masharti yakiwa mawili au zaidi, ni AVERAGEIFS. Zote mbili zilikuja na Excel 2007, na Google Sheets na LibreOffice Calc zinazo pia. Angalia tu kwamba hapa mpangilio unageuka: safu ya kutolewa wastani inatangulia.

=AVERAGEIFS(C2:C500,A2:A500,"Ufundi",B2:B500,">="&DATE(2024,3,1),B2:B500,"<"&DATE(2024,4,1))

Alama ya >= inakaa ndani ya alama za mtajo, tarehe inabaki nje, na & inaziunganisha. Niliandika "kabla ya Aprili 1" badala ya "mpaka Machi 31" kwa makusudi: tarehe ikiwa imebeba na saa, maombi ya mchana wa Machi 31 yangeachwa nje. (Kompyuta nyingine hudai nukta-mkato badala ya mkato, hutegemea mipangilio ya lugha.)

Kilichonichukua muda zaidi ni vitengo viwili kwa pamoja, Ufundi au Malipo. Masharti ya AVERAGEIFS lazima yatimie yote kwenye mstari uleule, na hakuna ombi lililo la vitengo viwili. Wengi hutafuta wastani wa kila kitengo, wakajumlisha hizo mbili, kisha wakagawanya kwa mbili. Hapo jibu linapotoka. Tuseme Ufundi ina maombi 2 yenye wastani wa saa 10, Malipo ina 8 yenye wastani wa saa 20. Njia hiyo inatoa 15, ilhali jumla ni saa 180 kwa maombi 10, yaani 18. Nilijumlisha saa zote kwanza, ndipo nikagawanya kwa idadi:

=(SUMIFS(C2:C500,A2:A500,"Ufundi")+SUMIFS(C2:C500,A2:A500,"Malipo"))/(COUNTIFS(A2:A500,"Ufundi",C2:C500,">=0")+COUNTIFS(A2:A500,"Malipo",C2:C500,">=0"))

Lile ">=0" linazuia seli tupu zisihesabiwe. AVERAGEIFS yenyewe huziruka seli tupu, lakini sifuri inaihesabu. Sifuri ikiwa imejazwa tu kuziba pengo, ongeza sharti la "<>0". Ikiwa ni kipimo halisi, iache.

Pasipo mstari unaotimiza masharti, hutokea #DIV/0!, yaani kosa la kugawanya kwa sifuri. Naifunika kwa IFERROR inayoandika "Hakuna data", kamwe si 0, maana msomaji atadhani huo ndio wastani. Pembeni ya kila wastani naweka COUNTIFS yenye masharti yaleyale, ili anayesoma ajue kama saa 18 zimetokana na maombi 10 au moja tu.