Usiku Maji Yalipovuka Ufa

Watu wakisikia makaa ya mawe ya Ludewa hukumbuka Mchuchuma, na zile tani milioni 428 zinazotajwa kila mradi unapozungumzwa. Mimi nilipopelekwa bonde la Ruhuhu, nikiwa kijana wa kupima maji ya chini ya ardhi, kazi yangu haikuwa makaa. Ilikuwa kujua maji yako wapi, yanaelekea upande gani, na shimo likichimbwa pale yatafanya nini. Mgodi wenyewe ulikuwa bado pendekezo kwenye karatasi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ifanyike kabla ya mradi kuanza, na kwa maji sharti hilo lina uzito wa pekee: tingatinga likishapita, mwanakijiji atakayelalamika kwamba kisima chake kimekauka ataambiwa athibitishe kwamba kiliwahi kuwa na maji.

Miamba ya pale ni ya Karoo, yaani matabaka ya kale ya mchanga, tope na makaa. Makaa yalitokana na mimea iliyozikwa kwenye vinamasi zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, Afrika ilipokuwa bado imeshikana na India, Australia na Antaktika. Katika visanduku vya sampuli za mwamba niliwahi kuona alama ya jani la Glossopteris, mmea wa kale uliokwisha kutoweka, mshipa wake wa kati ukionekana wazi, nikakaa nalo mkononi hadi nikaitwa. Lakini kwa mtu wa maji, kilicho muhimu ni mpangilio wa matabaka. Makaa na mwamba wa tope hupitisha maji kwa shida. Mwamba wa mchanga ulio juu yake huyahifadhi na kuyapitisha. Kisha kuna nyufa zilizoivunja miamba hiyo na kushusha upande mmoja chini ya mwingine.

Ufa mmoja ulikata katikati ya eneo letu. Ng'ambo yake kulikuwa na chemchemi ambayo kaya nyingi zilichota maji, hata mwezi wa Septemba vijito vingine vikiwa vimekauka. Kwenye ramani ufa ule ulichorwa kama ukuta. Hoja ilikuwa kwamba miamba iliposuguana ilisaga tope, na tope lile likaziba njia. Kama ni kweli, mgodi ungeweza kunyonya maji upande huu na chemchemi isijue lolote.

Tukafanya jaribio la kusukuma maji, la saa 72. Unapiga pampu kwenye kisima kimoja bila kubadilisha kasi, na kupima jinsi maji yanavyoshuka humo na katika visima vya jirani. Dakika za kwanza unapima mfululizo bila kuinua kichwa, baadaye kila nusu saa, kisha kila saa. Maji yanayotoka unayapeleka mbali kwa bomba, la sivyo yatazama tena ardhini na kukudanganya. Mimi nilipewa kisima cha uchunguzi kilichokuwa ng'ambo ya ufa, ambako hakuna aliyetarajia chochote.

Usiku wa kwanza maji hayakusogea. Usiku wa pili, saa tisa, nilishusha utepe wa kupimia, ule unaolia ukigusa maji, kengele yake ikalia chini kidogo ya pale ilipolia saa iliyotangulia. Nikarudia, nikapata kipimo kilekile. Nikamwita mwenzangu.

"Kaka, hebu pima wewe, usiangalie daftari langu."

Akapima. Namba yake ilikuwa sawa na yangu.

Wazo la kwanza la mpimaji yeyote ni hewa. Mgandamizo wa hewa ukipanda, maji ya kisima kilichofunikwa na tabaka zito hushuka kidogo; ukipungua, hupanda. Lakini katika nchi zetu za joto mgandamizo hupungua kuelekea saa kumi alfajiri. Kama ingekuwa ni hewa, maji yangu yangepaswa kupanda. Yalikuwa yanashuka, na hadi kunakucha yaliendelea kushuka, polepole, bila kurudi nyuma hata mara moja. Sijawahi kuona sentimita chache zenye maana kubwa kuliko zile: maji yalikuwa yanavuka ufa.

Asubuhi mama mmoja mtu mzima alipita na ndoo yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona hamjalala?"

Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza kwenye kikao chochote: "Na ninyi mnasukuma siku tatu. Hao wa mgodi watasukuma siku ngapi?"

Mgodi wa wazi husukuma maji mchana na usiku muda wote wa uhai wake, kwa sababu usiposukuma, shimo hujaa. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakusema neno, akaenda kuchota.

Pampu ilipozimwa tulibaki kupima. Kwenye kisima changu maji yalichelewa, kisha yakaanza kupanda. Hapo mwanajiolojia wetu mkuu, ambaye ndiye aliyeuchora ufa kama ukuta, alichukua ramani akaubadilisha mstari ule kwa mkono wake mwenyewe. Nilimheshimu sana siku ile.

Chemchemi ikaingizwa kwenye orodha ya ufuatiliaji. Ikapimwa mtiririko wake, uchachu, chumvi na salfeti, kwa sababu makaa mara nyingi huwa na pirite, madini ya chuma na salfa, na pirite ikikutana na hewa na maji huzaa asidi. Tuliomba vipimo viendelee kupita masika, maana hali ya kiangazi peke yake ni nusu ya habari, na tukakubaliwa.

Yule mama alikuja kwenye mkutano wa kijiji. Alitaka kujua namba zile zitakaa wapi tukishaondoka. Tukazinakili zote, tarehe na kina cha maji kwa kila kisima. Mtendaji akagonga muhuri kila ukurasa, nakala ikabaki ofisini kwake, na mama akaomba aonyeshwe kabati itakamowekwa.